Mstari Unapoacha Kupanda: Kusoma Grafu za Usanisinuru Newala na Masasi

Mwezi wa Oktoba, saa saba mchana, mwanga si kitu kinachokosekana Newala. Mvua bado, anga halina wingu, na mchanga mwekundu wa Uwanda wa Makonde unaunguza nyayo. Jani la muhogo linategemea mwanga ili litengeneze chakula, hivyo ungedhani saa hiyo ndiyo linafanya kazi kuliko saa nyingine zote. Wataalamu waliolipima jani hilo walikuta jambo jingine. Kasi hupanda tangu asubuhi, na hewa ikikauka sana mchana hushuka wakati jua likiwa kali kabisa. Anayeelewa kwa nini mstari wa kasi hiyo kwenye grafu hushuka ameelewa sehemu kubwa ya somo ambalo wanafunzi wetu wengi hulikariri bila kulielewa.

Usanisinuru ni kazi ya jani kuchukua kaboni dayoksaidi hewani na maji kutoka mizizini, na kwa nguvu ya mwanga unaonaswa na klorofili kutengeneza sukari na kutoa oksijeni. Kaboni dayoksaidi ni kidogo mno: katika kila sehemu milioni moja za hewa, yenyewe ni sehemu 420 hivi. Huingia kupitia vitundu vidogo vya jani viitwavyo stomata, na vitundu hivyohivyo ndivyo vinavyopitisha maji ya mmea kwenda hewani. Kwa hiyo kasi ya kazi hii ina mabwana wengi: mwanga, joto, kaboni dayoksaidi, maji, na afya ya jani lenyewe. Kila kimoja kinaweza kuongezeka au kupungua, na ndiyo maana vyote huitwa vigeu.

Mwaka 1905 mtaalamu wa mimea wa Uingereza, Frederick Frost Blackman, alieleza kanuni ambayo bado ndiyo ufunguo wa grafu hizi: kasi ya kazi yenye mahitaji mengi huamuliwa na hitaji lililopungua kuliko mengine. Mpishi wa ugali mwenye gunia la unga na kikombe kimoja cha maji hafaidiki ukimletea gunia la pili. Kwenye grafu, kanuni hiyo huonekana kama mstari unaopanda, kisha unapinda, kisha unalala. Mstari ukipanda, kile ulichokiandika kwenye mhimili mlalo ndicho kinachopungua. Ukilala, hicho kimetosha na mmea unalilia kitu kingine. Pale unapopinda ndipo pa kukazia macho, na ndipo wanafunzi wengi hupapita haraka wakaandika tu kwamba "mwanga ukiongezeka, usanisinuru huongezeka". Sentensi hiyo ni kweli kwa nusu ya grafu.

Vitabu vya shule hupenda jaribio la mmea wa majini na kuhesabu mapovu. Juu ya uwanda, mmea wa majini si rahisi kuupata: udongo wa kichanga hunywa mvua yote, vijito havikai, na maji ya bomba hupandishwa kwa pampu kutoka mabondeni. Lakini lipo jaribio lisilohitaji bwawa. Chukua jani laini, kama la kunde, ukate vipande 10 vya mviringo kwa mrija wa soda. Vitie ndani ya bomba la sindano lisilo na sindano, pamoja na maji yenye chembe za bikaboneti ya sodiamu, ambayo hutoa kaboni dayoksaidi, na tone la sabuni. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole, vuta, achia, rudia. Hewa iliyomo ndani ya jani hutoka, maji huingia mahali pake, na vipande huzama. Vimimine kwenye glasi, uweke juani. Jani likianza kazi, oksijeni hujikusanya ndani yake, na vipande huelea kimoja baada ya kingine. Andika dakika zilizopita mpaka kipande cha tano kielee.

Sasa badilisha mwanga kwa kufunika glasi kwa tabaka za shashi: moja, mbili, nne. Mwanga ndio kigeu huru, yaani kile unachokibadilisha kwa makusudi, na hukaa kwenye mhimili mlalo. Kasi ndiyo kigeu tegemezi, hukaa kwenye mhimili wima. Vilivyobaki vyote lazima vifungwe pale pale: majani ya mmea uleule na umri uleule, kiasi kilekile cha maji na bikaboneti, ukubwa uleule wa vipande. Hapa ndipo majaribio mengi ya shuleni huharibika, na mharibifu mkubwa ni joto. Glasi isiyo na shashi hupata mwanga zaidi, lakini pia hupata joto zaidi. Kasi ikipanda, utasemaje kwamba ni mwanga uliofanya hivyo? Zisimamishe glasi zote ndani ya beseni moja la maji, weka kipimajoto, na swali hilo litapata jibu. Glasi moja iwekwe gizani kabisa. Hiyo ndiyo shahidi: vipande vyake vikielea, basi si mwanga uliovipandisha.

Tuchukue mfano wa kubuni ili tuchore. Kwenye mwanga wa laksi 10,000 kipande cha tano kinaelea baada ya dakika 20. Kwenye 20,000, dakika 10. Kwenye 40,000, dakika 8. Kwenye 80,000, dakika 8 zilezile. Mwanafunzi akichora dakika moja kwa moja, mstari wake utashuka, na asipokuwa makini atasema mwanga unapunguza usanisinuru. Dakika si kasi. Kasi hupatikana kwa kugawa 1 kwa dakika: 0.05, 0.10, 0.125, 0.125. Mwanga ulipoongezeka mara mbili mwanzoni, kasi nayo iliongezeka mara mbili. Ulipoongezeka mara mbili kwa mara ya mwisho, kasi haikutikisika. Mpindo uko kati ya laksi 20,000 na 40,000, na mwanafunzi anayejali atarudi kupima katikati ya hapo badala ya kuongeza vipimo mahali ambapo mstari umeshalala.

Mtego kama huo upo kwa shule zinazotumia taa. Ukiisogeza taa kutoka sentimita 10 hadi 20, mwanga haupungui kwa nusu. Unabaki robo, kwa sababu hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali. Umbali usiandikwe kwenye mhimili mlalo kana kwamba ndio mwanga. Na nukta zikishawekwa, usiziunganishe moja moja kama mlolongo wa vilima. Rudia kila kipimo mara tatu, chukua wastani, kisha chora mstari laini unaopita karibu na nukta zote. Nukta iliyokaa mbali na wenzake isifutwe, ipimwe tena.

Vipande vilivyoelea vikipelekwa gizani, baada ya muda huzama tena. Jani linapumua mchana na usiku, na gizani hutumia oksijeni bila kutengeneza nyingine. Ndiyo maana grafu kamili ya usanisinuru haianzii kwenye sifuri bali chini yake. Jani lenye mwanga hafifu sana linakula kuliko linavyozalisha.

Kwa mkulima wa korosho, sehemu hiyo ya chini ya sifuri ina bei. Mkorosho huzaa kwenye ncha za matawi ya nje, yale yanayoliona jua. Miti ikipandwa karibu karibu na matawi yake yakakutana, matawi ya chini na ya ndani hubaki kwenye kivuli, majani yake huwa mzigo, na mwishowe hukauka. Nafasi inayopendekezwa na watafiti wetu ni mita 12 kwa 12, yaani miti 69 hivi kwa hekta, au 28 kwa ekari. Wapo wanaoiona nafasi hiyo kuwa ni kupoteza shamba, kwa kuwa mche mchanga uliozungukwa na mita 12 za uwazi unaonekana mpweke. Lakini idadi ya miti nayo ni kigeu huru. Ichore kwenye mhimili mlalo na kilo za korosho kwa ekari kwenye mhimili wima, na mstari utapanda, utalala, kisha utashuka. Kivuli kizito pia hulinda ubwiriunga, ukungu unaoshambulia machipukizi na maua. Kuongeza salfa, dawa ya ukungu huo, kwenye shamba lililosongamana ni sawa na kuongeza laksi pale ambapo mstari umelala: kinachopungua pale ni nafasi.

Turudi kwa muhogo wa saa saba. Mwanga umetosha tangu saa nne asubuhi. Kinachobadilika ni ukavu wa hewa. Mabrouk El-Sharkawy na wenzake, walioufanyia muhogo utafiti huko Colombia miaka ya 1980, walionyesha kwamba mmea huu hufunga stomata zake hewa inapokauka, hata kabla udongo haujaisha maji. Ukifunga, unaokoa maji, lakini unajinyima kaboni dayoksaidi. Kwa hiyo mmea huu hustahimili kiangazi kwa kukubali kufanya kazi kidogo. Mahindi na mtama wana namna nyingine ya kuinasa kaboni dayoksaidi, na kwenye grafu ya mwanga mistari yao huendelea kupanda pale ambapo mimea mingi imeshalala. Ila ukame mrefu huwashinda pale ambapo muhogo hubaki hai.

Uvumilivu huo una gharama kwa afya. Mmea wa muhogo ukikaa na kiu, viini vinavyotoa sianidi huzidi kwenye mizizi. Mwaka 1988, wakati wa ukame, watu wilayani Masasi walidhurika kwa muhogo mchungu ambao njaa iliwafanya wausindike kwa haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mkoa wa Mtwara ulipata wagonjwa wa konzo, ulemavu wa ghafla wa miguu usiopona, unaowapata watu wanaoishi kwa muhogo wenye sumu huku wakikosa protini. Njia ya kupunguza sumu hiyo iliyofikishwa mkoani ilitokana na kazi ya Howard Bradbury wa Australia: loweka unga kwa maji, utandaze usizidi unene wa sentimita moja, uache saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha upike siku hiyohiyo. Soma maelekezo hayo kama mtu wa grafu. Saa ziko kwenye mhimili mlalo, sumu kwenye mhimili wima, na mstari unashuka. Unene wa unga ni kigeu cha kudhibitiwa. Ukiupuuza, saa mbili hazitoshi tena.

Ipo grafu nyingine ambayo kila mtu wa kusini anaijua hata kama hajawahi kuichora. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 hivi za korosho. Msimu wa 1986/87 zilikuwa zimebaki kama 16,500. Nimesikia watu wakiyasimulia maporomoko hayo kwa sababu moja tu, kila mmoja na yake. Mhimili mlalo wa grafu hiyo una miaka, na mwaka peke yake hauangushi korosho. Ndani ya miaka hiyohiyo watu walihamishiwa vijijini na kuacha mashamba mbali, bei ya mkulima ilidorora, miti ilizeeka bila kupogolewa, na ubwiriunga ulitambuliwa nchini mwaka 1979. Vigeu vyote vilisogea pamoja, na hakuna aliyevidhibiti. Ni kosa lilelile kulinganisha shamba la Newala, juu ya uwanda, na la Masasi, kule chini kwenye vilima vya mawe, kisha kuipa mbegu sifa yote: joto ni tofauti, udongo ni tofauti, umri wa miti ni tofauti.

Mkulima mwenye shamba lililosongamana anaweza kujipimia mwenyewe. Achague vipande viwili vinavyopakana, vya miti ya umri mmoja. Kimoja apunguze miti, kingine akiache. Vyote vipate salfa kwa siku zilezile na palizi ileile, na mavuno ya kila kimoja yapimwe peke yake, kilo kwa ekari. Msimu wa kwanza kipande kilichopunguzwa huenda kikatoa kidogo kuliko jirani yake, kwa kuwa miti imepungua na matawi yaliyobaki hayajaijaza nafasi. Hiyo ni nukta moja. Aandike, asubiri ya pili, ya tatu na ya nne, ndipo achore mstari.