Mbega wa Diani wana daraja lao, balaa ni stima

Wikendi ikifika, nusu ya vijana wa Kibokoni utawakuta Diani. Feri Likoni, matatu hadi Ukunda, tuktuk hadi baharini, simu mkononi. Safari ijayo inua macho kidogo. Zile ngazi zinazoning'inia juu ya lami, kutoka mti huu hadi ule, si mapambo ya hoteli. Ni madaraja ya mbega.

Usimchanganye na tumbili anayekunyang'anya chipsi. Mbega, au kuluzu kama anavyoitwa huko, ni mweusi mwenye manyoya marefu meupe mabegani, kama aliyejitanda shali. Mtoto wake huzaliwa mweupe pee! Kidole gumba hana, kimebaki kinundu tu. Chakula chake hasa ni majani, na tumbo lina vyumba kama la ng'ombe, bakteria wanayachachusha humo polepole. Ndiyo maana mchana mwingi utamkuta kajilaza tu. Si uvivu, anasaga. Vitu vitamu vikizidi, tumbo linajaa gesi, kwa hivyo mahamri yako kaa nayo.

Mbega hupita juu kwa juu, tawi hadi tawi. Lakini msitu wa Diani umekatwa vipande, ploti juu ya ploti, na barabara imepasua katikati. Akishuka chini, gari hilo. Mwaka 1997 likaanzishwa shirika la Wakuluzu, leo Colobus Conservation, ndilo linalofunga ngazi hizo. Kima na tumbili nao wanavukia hapo hapo, hakuna nauli.

Stima ndiyo ngumu. Nyaya tupu zinapita kwenye matawi, mbega akigusa mbili kwa pamoja anapigwa shoti. Asiyekufa huenda akapoteza mkono. Dawa ni kuvalisha nyaya na kupogoa miti iliyo karibu, lakini miti nayo haiachi kuota, kwa hivyo kazi haiishi.

Mimi naona ploti ndizo mbaya zaidi, maana ngazi bila miti utaifunga wapi? Kusini kidogo ya Diani kuna Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, mojawapo ya kaya zilizoingia orodha ya UNESCO 2008. Wazee walikataza kukata mti, na mbega wapo. Ukienda utafungwa kaniki nyeusi, na utaambiwa usitoke na kitu, hata jani. Mbega peke yake ndiye mwenye ruhusa.