Bahari ndani ya nyumba, katika mji wa shaba

Watoto ndio walioianzisha habari hii. Tulikuwa tumekusanyika kwa mwenzetu mmoja wa komini ya Dilala kuhesabu feza ya likelemba, na wadogo tuliokuja nao hawakukaa uani hata dakika tano. Tuliwakuta sebuleni, wamejipanga mbele ya sanduku kubwa la kioo, kimya kabisa kama wako kanisani. Ndani ya kioo kulikuwa na bahari.

Tunasema bahari kwa sababu hawakuwa samaki tu. Kulikuwa na maji ya chumvi, mawe yenye mapango, kamba wembamba, konokono wanaosafisha kioo, samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe ambao kila mtoto aliyeona filamu yao anawajua, na matumbawe: mengine kama vidole, mengine kama uyoga, moja likipepea kama majani ya mto. Siku ile feza ilihesabiwa mara tatu, maana macho yetu yote yalikuwa sebuleni. Tangu hapo wamama wengi wametuuliza: kitu kile kinatunzwaje, na sisi tunaweza? Tulirudi kwa mwenzetu mara mbili, tukiwa na daftari. Hataki jina lake liandikwe. Anasema wageni aliowapata wanamtosha.

Kwanza tuelewane. Tumbawe si jiwe wala si mti. Ni mnyama, au tuseme ni ukoo wa wanyama wadogo walioshikana, kila mmoja na mdomo wake. Ndani ya nyama yao unaishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, na mwani huo hutumia mwanga kutengeneza chakula na kumgawia mwenye nyumba. Ndiyo sababu taa ya sanduku lile ni kali kuliko taa zote za nyumba ile. Maji yakipata joto kupita kiasi, tumbawe humfukuza mpangaji wake, hubaki jeupe, na hali ikiendelea hufa kwa njaa. Mwaka 1998 jambo hilo lilitokea baharini kwenyewe, pwani yote ya Afrika Mashariki, na miamba mingi ikawa myeupe kama mifupa.

Maji ya Lualaba yetu hufika baharini, lakini hufikia Muanda, na pale mto Kongo humwaga maji matamu na matope mengi mno kwa matumbawe. Miamba ya matumbawe iliyo upande wetu ni ya Bahari ya Hindi: Mombasa, Zanzibar, Mafia. Yale ya mwenzetu yalitoka Afrika Kusini kwa mfugaji anayeyazalisha kwa kukata vipande, kama sisi tunavyopanda miti ya mihogo. Yalikuja na karatasi, na hilo si jambo dogo. Matumbawe ya mawe yamo katika mkataba wa CITES, hayavuki mpaka bila kibali hata yakiwa ukubwa wa kidole. Anayekuletea kipande ndani ya chupa, bila karatasi, anakuuzia shida.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike. Miezi saba ya kwanza mambo yake yalikwenda vizuri. Kisha asubuhi moja alikuta konokono wote wameanguka, wamelala chali. Jioni kamba wakafa. Siku ya tatu matumbawe yalikuwa yamejifunga kama ngumi. Samaki peke yao waliendelea kuogelea kama hakuna kitu. Mama huyu alidhani ni umeme, kisha akadhani ni chakula, kisha akamshuku binti anayemsaidia kazi kwamba ameingiza sabuni, na jambo hilo mpaka leo linamwuma. Alipotoa mawe moja moja ndipo alipoona: nyuma ya pango, limewekwa kwa uangalifu, jiwe zuri la kijani lenye mistari, ukubwa wa yai. Mtoto wake wa miaka sita alitaka samaki wawe na nyumba nzuri. Lilikuwa malakiti.

Nani kati yetu hana malakiti nyumbani? Liko juu ya televisheni, liko kwenye shanga, watoto wanachezea vipande vyake njiani. Malakiti ni shaba, na wakati wa Zaire jimbo letu lote liliitwa Shaba. Lakini kwa viumbe wa sanduku lile, shaba ni sumu. Wafugaji wa samaki wa bahari wanajua sana, maana wao wenyewe huitumia kama dawa: samaki akishikwa na vijidudu vya ngozi huwekwa kwenye ndoo ya peke yake yenye shaba kidogo, karibu miligramu 0.2 kwa litre, na vijidudu vinakufa. Dawa hiyo haimwagwi kamwe kwenye sanduku la matumbawe, kwa sababu inachoua vijidudu kinaua pia konokono, kamba na tumbawe. Hapo ndipo tulipojifunza jambo la ajabu: damu ya kamba na konokono ni ya buluu, na hubeba hewa kwa kutumia shaba. Wanaihitaji chembe tu. Ikizidi, inawaua. Samaki huvumilia zaidi, na ndiyo maana wale wa chungwa hawakutoa habari yoyote.

Kulitoa jiwe hakukutosha. Mawe ya chokaa hunywa shaba na kuirudisha majini polepole, hivyo alitupa mawe yote, akamwaga maji yote, akaanza upya. Kuanza upya maana yake ni kungoja. Mkojo na mabaki ya samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa naitriti, nayo ni sumu. Wa aina nyingine huigeuza naitriti kuwa naitreti, ambayo ni nafuu. Bakteria hao huchukua majuma manne hadi sita kuzaana vya kutosha. Muda wote huo unaangalia sanduku lenye mawe na maji tu, na mume anakuuliza feza ilikwenda wapi.

Maji yenyewe ni kazi ya juma zima. Hatumii maji ya foraji moja kwa moja, wala ya bomba. Anayapitisha kwenye mashine yenye utando mwembamba unaozuia karibu kila kitu isipokuwa maji, na kwa kila litre moja safi mashine humwaga litre tatu au zaidi. Katika mji ambapo wengi wetu tunalipia maji kwa bido, hilo lilitunyamazisha. Yeye huyakinga yale ya kumwagwa na kufulia nguo. Kisha huchanganya chumvi ya akwariamu, gramu 35 kwa litre. Chumvi ya kupikia haifai. Haina kalisi na magnesi ambazo tumbawe hujengea mifupa yake. Na wakati wa kiangazi, Mei hadi Septemba, hewa yetu ikikauka, maji hupungua kila siku. Yanayopotea ni maji, chumvi inabaki. Kwa hiyo unaongeza maji matamu. Anayeongeza ya chumvi atawakausha samaki ndani ya maji, kama ndakala.

Mama mmoja kati yetu aliuliza swali ambalo sisi wote tulikuwa nalo: kama jiwe dogo limefanya hivyo, je, foraji yetu? Mwenzetu ana kipimo cha matone kinachobadilika rangi. Alipima mbele yetu maji tuliyochota kwenye foraji ya mtaani, na rangi ikatokea, hafifu. Tusiitishane hapa. Shirika la Afya Duniani linaruhusu hadi miligramu 2 za shaba katika litre ya maji ya kunywa, mara kumi ya kiasi kile cha dawa ya samaki. Maji yanaweza kuua konokono wa baharini na bado mtoto akayanywa bila madhara ya shaba. Basi konokono aliyekufa si ushahidi kwamba maji ni mabaya kwa binadamu. Lakini kipimo kile pia hakioni kobalti, wala risasi, wala urani, na katika udongo wetu shaba haitembei peke yake. Mwaka 2018 watafiti wa Lubumbashi na Leuven walichapisha waliyoyakuta Kasulo: kobalti nyingi katika vumbi la nyumba na katika mkojo wa watoto, kuliko katika mtaa wa kulinganishia. Kwa mwenzetu, viatu vya machimbo haviingii tena ndani. Alianza kwa ajili ya matumbawe. Tulipomwuliza kama anaendelea kwa ajili ya matumbawe, alicheka, akamtazama mdogo wake anayetambaa.

Umeme tutausema kwa kifupi kwa kuwa nyote mnaujua. Waya kutoka Inga, kilometa zipatazo 1,700, unatua hapa hapa Kolwezi, na mabwawa ya Nzilo na Nseke ni majirani zetu, lakini delestaji haijali ujirani. Pampu zikisimama, kinachoua kwanza ni kukosa hewa, na inaweza kuwa ndani ya saa chache. Mwenzetu ana betri na paneli ya jua kwa pampu ndogo tu, si kwa taa. Matumbawe hustahimili giza siku moja au mbili. Betri ikiisha, watoto hupokezana kuchota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu. Hakuna kulisha wakati umeme hauko. Na jenereta, tafadhali, ikae nje mbali na dirisha, si barazani: moshi wake unaua watu kabla ya samaki. Kila waya wa sanduku upinde chini kabla ya kupanda kwenye plagi, ili tone la maji ya chumvi lidondoke sakafuni lisifike kwenye umeme.

Kuna hatari nyingine ambayo hatukuwahi kuisikia. Aina fulani ya matumbawe laini, yale yanayofanana na vifungo vya nguo vya rangi rangi, yana sumu iitwayo palitoksini, moja ya sumu kali kabisa zinazojulikana. Katika nchi za Ulaya na Marekani familia nzima zimelazwa hospitali kwa sababu mtu alichemsha jiwe lenye viumbe hao ili kulisafisha, na wote wakavuta mvuke. Jiwe la akwariamu halichemshwi, halimwagiwi maji ya moto, halisuguliwi kwa mikono mitupu. Mwenzetu hana aina hiyo nyumbani. Mwenye mtoto mdogo asiilete.

Mnataka habari nzuri, wamama? Wale samaki wa chungwa wote huzaliwa dume. Mkubwa wao hugeuka jike, naye ndiye anayeongoza. Akifa, mumewe anakuwa jike na kushika kiti. Mayai hulindwa na baba, anayapepea na kuyasafisha mpaka yaanguliwe. Tulicheka mpaka papa wa nyumba akatoka kuuliza tunasema nini.

Je, sisi tunaweza? Kwa bahari, tunasema wazi: wengi wetu hapana, na hakuna aibu. Lakini tunao samaki wa Tanganyika, wa upande wa Moba na Kalemie, ambao watu wa Ulaya hununua kwa feza nyingi. Mle ziwani kuna jamii zipatazo 250 za samaki wa ukoo mmoja tu, karibu zote haziko mahali pengine duniani. Maji yao ni matamu, magumu, yenye kalisi, hayahitaji taa kali wala mashine ya utando. Wapo wanaoishi ndani ya maganda matupu ya konokono, baba na mama na watoto, ukubwa wa kidole cha mwisho. Na wapo ambao mama hubeba mayai mdomoni, kisha watoto, hadi majuma manne. Baadhi yao muda huo hawali kabisa. Ukimwona, taya limevimba na mwili umekonda, utamjua bila kuambiwa.

Kwa hao pia, mawe ya kupamba yasiokotwe hapa. Watu watakuambia udondoshee jiwe siki. Likitoa povu ni chokaa, linafaa. Malakiti nayo hutoa povu.

Kuhusu foraji, kamati imeamua kutumia sehemu ya mchango wa mwezi huu kupeleka maji ya foraji mbili kwenye maabara, kupimwa metali zote, si shaba peke yake. Maabara hutaka chupa zake maalumu, kwa hiyo msichote mapema kwenye chupa za soda. Chupa zitakapofika, tutahitaji mama mmoja kutoka kila mtaa awepo wakati wa kuchota, aandike saa na mahali, na atie sahihi. Majina yaletwe kwa katibu Jumamosi.