Zaburi kwa Sauti za Kiarabu

Hapa Kayna, mashariki mwa Kongo, ninafundisha kwaya ya parokia, na mara nyingi tunatia maneno ya Zaburi katika wimbo wa zamani wa Kinande. Wazee wanautambua palepale. Wayahudi wa Aleppo, kule Siria, walifanya hivyo kwa karne nyingi: walichukua nyimbo za Kiarabu zilizopendwa mjini, wakazitungia maneno ya Kiebrania, wakaziimba katika sinagogi na kwenye arusi. Kila Sabato ilikuwa na makamu yake, yaani mpangilio wake wa sauti, kufuatana na somo la Torati. Somo la kifo lilipewa makamu ya Hijazi, na ukiisikia hutauliza sababu. Taarabu ya Unguja nayo ilirithi makamu hizo kutoka Misri, pamoja na udi na ganuni.

Kinachonigusa zaidi ni Baghdad. Mwaka 1932 Iraki ilipeleka wanamuziki kwenye kongamano la muziki wa Kiarabu la Cairo: mwimbaji, Muhammad al-Qubbanji, alikuwa Mwislamu, wapiga ala wake karibu wote walikuwa Wayahudi. Ndugu wawili Wayahudi, Saleh na Daoud al-Kuwaity, walitunga nyimbo ambazo Wairaki wanaziimba hata leo.