Mbao tano zilizopinda

Wandugu, munaniulizaka kama ile mashine ya kupasua mbao tulitengeneza huku Lubero ilifanya kazi. Siku ya kwanza, hapana. Na gogo la kalitusi lilikuwa la mzee mmoja aliyetaka mbao za mlango.

Kitu chenyewe ni kadre ya chuma inayoshika tronsoneze na kuteleza juu ya ngazi iliyopigiliwa misumari juu ya gogo. Ngazi ni ya mkato wa kwanza tu. Kisha kadre inateleza juu ya ule uso uliokatwa. Sasa, ngazi yetu ililegea katikati. Mbao zote tano zikarithi ule mupindo!

Tena mnyororo. Meno ya kukata gogo kwa upana yananolewa digrii 30 hivi. Kupasua kwa urefu kunaomba karibu 10. Wetu ulitoa unga na moshi. (Hata ukinoa vizuri, kila mkato unakula milimita 9 hivi: mikato mitatu, mbao moja imeenda.)

Tukatia kabari chini ya ngazi, tukanoa upya. Mzee akatutolea gogo la pili, lakini safari hii alikaa pale pale, kamba mkononi. Akaivuta juu ya mbao ya kwanza: imenyooka.