Kutoka Arash hadi chumba cha mtihani: Kiingereza cha mtoto huandaliwa nyumbani

Kata ya Arash ipo wilaya ya Ngorongoro, mkoani Arusha, upande wa Loliondo. Anayetoka huko kwenda Arusha mjini ana njia mbili: kushuka kwa Ziwa Natron na Mto wa Mbu, au kukata nyanda za Serengeti na Ngorongoro hadi atokee Karatu. Kwa njia yoyote, siku nzima huishia barabarani. Akiwa anakwenda Dar es Salaam, ana siku nyingine ya basi mbele yake.

Tumfikirie kijana anayefunga safari hiyo kwenda kufanya mtihani wa kimataifa wa kupima ujuzi wa Kiingereza. Hatumtaji kwa jina kwa sababu si mmoja. Amemaliza masomo yake, ameona nafasi ya kusoma ng'ambo, na sharti mojawapo ni cheti cha mtihani huo. Ada imelipwa kwa fedha za ng'ombe aliyeuzwa mnadani. Baba amebaki na zizi lililopungua, mama amebaki na dua. Mtihani wenyewe hauchukui hata saa tatu. Alama zikikosekana, ada hairudi na ng'ombe harudi.

Tumeandika makala haya kwa ajili ya wazazi na walezi wa kijana huyo, na wa wengine walio Karatu, Kondoa, Tanga au Unguja. Tunasema mapema tunachokusudia: mtihani wa lugha huandaliwa kwa miaka, na sehemu kubwa ya maandalizi hayo hufanyika nyumbani, hata katika nyumba ambayo hakuna mkubwa anayejua Kiingereza.

LUGHA YA TATU, AU YA NNE

Mtoto wa Arash kwa kawaida huanza na Kimaasai kwa mama yake. Akiingia shule ya msingi ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili, na Kiingereza hukutana nacho kama somo miongoni mwa masomo. Akifika kidato cha kwanza mambo hugeuka ghafla: hesabu, jiografia na sayansi zote huja kwa Kiingereza. Kama nyumba yao ni ya Kiislamu, kuna lugha ya nne, Kiarabu cha Qur'ani, anachokisoma madrasa tangu utotoni.

Wazazi wengi huihesabu hali hii kuwa mzigo. Mwalimu akilalamika kwamba mtoto ni dhaifu katika Kiingereza, lawama huiangukia lugha ya nyumbani, na wengine hufikia kumkataza mtoto asiseme lugha ya mama yake. Tunaona hilo ni kosa, na tuna sababu.

Wataalamu wa lugha huhesabu irabu tano katika Kiswahili na irabu tisa katika Kimaasai. Ndiyo maana msemaji wa Kiswahili peke yake hutaabika kutenganisha neno "ship", yaani meli, na "sheep", yaani kondoo. Kwake yote mawili huwa na "i" ile ile. Mtoto wa Kimaasai amezoea tangu kunyonya kutofautisha irabu zinazokaribiana namna hiyo. Vivyo hivyo, mtoto aliyefundishwa makharija vizuri, akajua thau na dhali hutamkwa kwa kuweka ulimi wapi, hatapata shida kubwa na "think" au "this". Masikio hayo ni mtaji. Anachokosa ni mtu wa kumwambia kwamba anao.

Matatizo halisi yapo kwingine. Kiswahili husema "yeye" kwa mwanamume na kwa mwanamke. Kiingereza humlazimisha msemaji achague "he" au "she", na kijana hodari hujikuta akimtaja mama yake kama mwanamume. Kiswahili hakina vijineno kama "a" na "the", kwa hiyo huvisahau katika kila sentensi. Makosa ya namna hii hayaondoki kwa kusomewa kanuni mara moja. Huondoka kwa kusahihishwa mara nyingi, kwa upole, hadi ulimi uzoee.

MTIHANI UNAPIMA NINI

Mtihani unaojulikana zaidi kwetu ni IELTS, ulioanza kutolewa mwaka 1989. Mwingine ni TOEFL wa Marekani, ambao ni mkongwe zaidi. Tutaeleza IELTS, kwani anayeuelewa huo atauelewa na mwenzake kwa wepesi.

Una sehemu nne. Kusikiliza huchukua takriban dakika 30 na kuna maswali 40. Sauti husikika mara moja tu. Kusoma kuna maswali 40 kwa dakika 60, katika sehemu tatu zenye maandishi marefu. Kuandika ni dakika 60 kwa kazi mbili: ya kwanza maneno yasiyopungua 150, ya pili yasiyopungua 250, na hiyo ya pili ina uzito mara mbili ya ya kwanza. Kuzungumza ni dakika 11 hadi 14 pamoja na mtahini, na katikati yake mtahiniwa hupewa mada, dakika moja ya kujiandaa, kisha huzungumza peke yake kwa dakika moja au mbili.

Alama hutolewa kwa ngazi, mwisho wake 9, na hakuna anayeambiwa amefaulu au amefeli. Chuo au mwajiri ndiye anayesema anataka ngazi gani. Kwa mfano, baraza linalosajili wauguzi na wakunga Uingereza hutaka ngazi ya 7 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Muuguzi aliyehitimu vizuri na kuhudumia wagonjwa kwa miaka anaweza kuzuiwa na nusu ngazi ya uandishi.

Wazazi waelewe pia kwamba mtihani huu haupimi akili, wala haupimi lafudhi ya Kizungu. Mtahini husikiliza kama maneno yanatoka kwa mtiririko, kama msamiati unatosha, kama sarufi iko sawa na kama matamshi yanaeleweka. Kijana anaweza kusikika wazi kuwa ni Mmaasai na bado akapata ngazi ya juu.

YALIYO MADRASA, NA KOSA LA KUKARIRI

Aliyepita madrasa anazijua njia tatu zinazofaa hapa. Ya kwanza ni kumsikiliza mwalimu kwanza, ndipo kutamka. Ya pili ni kusoma mbele ya mtu anayesahihisha papo hapo. Ya tatu ni muraja'a, yaani kurudia cha jana kabla ya kuchukua cha leo. Kijana akiyafanya haya kwa Kiingereza, kila siku kidogo kidogo, atakuwa amepata msingi ambao kozi ya wiki tatu ya mjini haiwezi kumpa.

Lakini kuna jambo moja la madrasa lisilofaa kuhamishiwa huku, nalo ni kuhifadhi kwa moyo. Qur'ani huhifadhiwa kama ilivyo, bila kupunguza wala kuongeza. Insha ya mtihani haiko hivyo. Vijana wengi hununua vijitabu vya insha zilizoandikwa tayari, wakazikariri kumi au ishirini, wakitumaini moja itaangukia. Watahini wamefunzwa kuyatambua majibu ya kukariri, na mwandishi wake hupoteza alama. Anayejibu swali lililoulizwa kwa maneno yake machache, yaliyo sahihi, humpita aliyemwaga maneno makubwa ya mtu mwingine.

SAA MOJA YA NYUMBANI

Tunapendekeza saa moja kila siku, ipangwe pamoja na swala ili isisahaulike: baada ya Alfajiri kabla ya mifugo kutoka, au baada ya Isha. Saa hiyo iheshimiwe na nyumba nzima. Binti asiitwe jikoni katikati yake ilhali kaka yake ameachwa asome.

Robo saa ya kwanza iwe ya kusikiliza. Redio au simu inatosha. Idhaa za Kiingereza zipo, na masomo ya bure ya BBC na ya British Council yanaweza kupakuliwa siku ya kufika mahali penye mtandao mzuri, yakasikilizwa baadaye bila gharama. Kijana asikilize habari fupi mara moja bila kusimamisha, aandike alichokipata, kisha ndipo arudie. Hii ni imla tuliyoifanya shuleni, na haijapitwa na wakati.

Robo ya pili iwe ya kusoma kwa sauti, halafu kueleza kwa Kiingereza kilichosomwa bila kuangalia maandishi.

Robo ya tatu iwe ya kuandika. Kazi ya kwanza ya uandishi kwa wanaokwenda vyuoni ni kueleza mchoro au jedwali. Hapa mtoto wa mfugaji ana mali mkononi. Apime maziwa ya kila siku kwa wiki nne, achore, kisha aeleze kwa maneno 150: siku gani yalipanda, wiki gani yalishuka, tofauti ilikuwa kiasi gani. Mwenye duka afanye hivyo kwa sukari na unga aliouza.

Robo ya mwisho iwe ya kuzungumza, na hapa ndipo mzazi asiyejua Kiingereza anapohitajika. Mama ashike saa. Kijana apewe mada, ajiandae dakika moja, azungumze dakika mbili. Mama hataelewa kila neno, lakini atajua mwanawe alisita wapi, alinyamaza lini, na kama alimtazama anayezungumza naye au alitazama chini. Mada zisitafutwe mbali. Mtahini hatamuuliza kuhusu London. Humuuliza kuhusu safari aliyoikumbuka, mtu anayemheshimu, mahali alipokulia. Anayeweza kusimulia kwa Kiingereza jinsi walivyopeleka ng'ombe majini wakati wa kiangazi ana jibu ambalo halipo katika kijitabu chochote.

Wapo watakaouliza: nani atasahihisha? Mwalimu wa sekondari iliyo karibu aombwe, kwa adabu na kwa malipo kidogo ikiwezekana, asome insha moja kwa wiki. Insha moja iliyosahihishwa na kuandikwa upya ina faida kuliko kumi zilizoachwa na makosa yake.

KABLA YA KULIPA ADA

Kwanza, ulizeni chuo au mwajiri anataka mtihani gani, wa aina gani na ngazi gani. IELTS ina aina mbili: ya masomo ya vyuo na usajili wa taaluma, na ya jumla kwa wanaohamia au wanaokwenda kufanya kazi. Aliyefanya isiyotakiwa amepoteza ada yake.

Pili, msiukimbilie. Matokeo kwa kawaida hukubaliwa kwa miaka 2 tu. Aliyefanya mapema kwa furaha, akasubiri nafasi ya masomo kwa miaka mitatu, atalazimika kulipa tena.

Tatu, kijana afanye mtihani mzima wa majaribio nyumbani akitazama saa, si mara moja, kabla ya kujiandikisha. Akiwa bado yuko mbali na ngazi inayotakiwa, uuzaji wa ng'ombe usubiri.

Nne, siku ya mtihani aende na kitambulisho kile kile alichojiandikishia, na alale karibu na kituo usiku wa kuamkia. Anayetoka Arash asipange kufika asubuhi ile ile. Binti anayevaa niqabu aulize kituoni mapema utaratibu wa kutambuliwa na mfanyakazi mwanamke. Saa za swala nazo zitazamwe wakati wa kuchagua siku.

Tano, jihadharini na matapeli wanaouza cheti bila mtihani. Vyuo huyahakiki matokeo moja kwa moja kwa waliotoa mtihani. Cheti cha kughushi kitamfukuzisha mtoto hata baada ya kuanza masomo, na mbele ya Mwenyezi Mungu riziki iliyojengwa juu ya uongo haina baraka.

ELIMU HAINA AIBU YA LUGHA

Wapo wazazi wanaohofia kwamba Kiingereza kitamtoa mtoto katika dini. Tunaiheshimu hofu yao, ila tunawakumbusha kwamba Chuo Kikuu cha Kiislamu Morogoro, kilichofunguliwa mwaka 2005, na Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kule Mbale, kilichoanza mwaka 1988, hufundisha kwa Kiingereza. Kile cha Kimataifa cha Kiislamu cha Malaysia, kilichoanzishwa mwaka 1983, hutumia Kiingereza na Kiarabu. Asiyekwenda Ulaya atakutana na lugha hii hata katika vyuo vya Waislamu wenzake.

Katika mapokezi ya Tirmidhi imekuja kwamba Mtume (s.a.w.) alimwamuru Zayd bin Thabit (r.a.) kujifunza maandishi ya Mayahudi ili amwandikie na kumsomea barua, naye akayamudu kwa nusu ya mwezi. Zayd hakuacha Kiarabu chake kwa kujifunza hayo. Ni yeye aliyekuja kukabidhiwa kazi ya kuikusanya Qur'ani. Na katika Sura Ar-Rum tofauti za ndimi zetu zimetajwa miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu.

Basi mzazi wa Arash amwache mwanawe aseme Kimaasai na bibi yake, Kiswahili na jirani, asome Qur'ani kwa Kiarabu, na saa moja kila siku ampe Kiingereza. Aanze mwezi huu, kabla tangazo la nafasi ya masomo halijatoka. Likitoka, inshaallah, safari ya kwenda Dar es Salaam itakuwa ndefu vile vile, lakini kijana atakayeshuka kwenye basi atakuwa tayari.