Programu ni ya bure, lakini nani anaandika maelezo yake?

Usiku mmoja wa Ramadhani mwaka uliopita stima ilipotea na kurudi mara tatu mtaani kwetu hapa Mombasa. Mara ya tatu ilirudi kwa kishindo. Asubuhi yake mama anayesimamia maktaba yetu ndogo ya mtaa akanipigia simu.

"Maalim, ile kompyuta kubwa haiwaki. Inanuka moshi."

Mimi si maalim wa chochote. Nina diploma ya mambo ya kompyuta, basi, na kwa sababu hiyo kila kitu chenye waya hapa mtaani huishia mlangoni kwangu. Nikamwambia, "Usiwe na wasiwasi mama, nakala zipo." Nilisema hivyo kwa kujiamini kwa sababu ya karatasi iliyobandikwa ukutani, juu ya kompyuta hiyohiyo: "Koha hujihifadhi yenyewe kila usiku." Karatasi hiyo iliandikwa na kijana aliyetuwekea programu kabla hajaenda Ghuba kutafuta riziki.

Msomaji, sentensi ile ilikuwa kweli tupu. Koha ilijihifadhi kila usiku bila kukosa. Lakini nakala ilikuwa ikiziweka ndani ya diski ileile, tena ikibakisha za siku mbili tu na kufuta za nyuma. Diski ilipoungua, iliungua pamoja na nakala zake.

Aliyetuokoa ni binti mmoja wa chuo aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya nyanjani. Miezi mitatu kabla ya tukio alikaa akasoma mwongozo wa Koha, akafika kwenye ukurasa wa amri iitwayo koha-dump, akaona kwamba amri hiyo hutoa faili mbili, moja ya data na moja ya mipangilio, na kwamba kurudisha mambo kwa wepesi kunahitaji zote mbili. Akazinakili zote kwenye flashi yake. Hakuna aliyemtuma. Tulirudisha maktaba kutoka kwenye flashi hiyo, alhamdulillahi, ila kazi ya miezi mitatu ilipotea. Vitabu vya wakfu vya mzee mmoja marehemu, tulivyokuwa tumeviingiza kimoja kimoja, ikabidi tuanze upya. Na wale walioazima vitabu katika miezi hiyo, tunategemea imani yao tu.

Kilichonikaa moyoni ni kwamba kijana wetu hakusema uongo na wala hakuwa mvivu. Aliandika, na wengi hawaandiki kabisa. Basi kosa lilikuwa wapi? Nikaanza kufuatilia jinsi miradi mikubwa ya programu huria inavyopanga na kutunza maelezo yake.

Kwanza, kwa asiyeijua. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi: unaruhusiwa kuitumia, kuusoma msimbo, kuubadilisha na kumpa mwenzako. Koha ni mfano mzuri. Jina lenyewe ni neno la Wamaori, maana yake zawadi. Ilianza New Zealand mwaka 1999, pale Horowhenua Library Trust walipohofia kwamba mfumo wao wa zamani usingevuka mwaka 2000, wakawapa kazi watengenezaji wa Katipo Communications. Januari 2000 ilikuwa tayari inafanya kazi, na msimbo ukatolewa kwa yeyote anayeutaka. Leo toleo jipya hutoka kila miezi sita, Mei na Novemba.

Hapo kwenye miezi sita ndipo shida ya maelezo ilipo. Kila toleo kitufe huhama, jina la menyu hubadilika, amri huongezewa neno. Msimbo ukikosewa hupiga kelele: programu hugoma, ujumbe mwekundu hutokea, watu hulalamika. Ukurasa wa maelezo ukipitwa na wakati hunyamaza. Unabaki pale na sura yake ya heshima, kama ile karatasi yetu ukutani, ukimngojea mtu auamini siku mbaya.

Mwaka 2017 mtandao wa GitHub, ambako miradi mingi ya aina hii huhifadhiwa, uliwahoji watu wanaoshiriki katika programu huria. Asilimia 93 walisema maelezo pungufu au yaliyopitwa na wakati ni tatizo lililoenea. Katika uchunguzi huohuo, asilimia 60 ya wachangiaji walikiri kwamba ni nadra wao kuchangia maelezo, au hawachangii kabisa. Yaani takriban kila mtu analia njaa, na wengi wao hawaingii jikoni.

Na wanaoingia hubeba mzigo mkubwa. Kurasa za mwongozo za Linux, zile unazozifungua kwa kuandika man na jina la unachokitafuta, zilitunzwa na Michael Kerrisk kuanzia mwaka 2004 kwa zaidi ya miaka 15. Mamilioni ya watu wamezisoma. Wangapi wanalijua jina lake?

Tuje kwenye mpangilio. Daniele Procida, mtu aliyefanya kazi nyingi kwenye maelezo ya mradi wa Django, ana hoja ambayo siku hizi imeenea kwa jina la Diátaxis. Anasema maelezo ya programu si kitu kimoja, ni vitu vinne, na ukivichanganya unaviharibu vyote. Nitaieleza kwa mchuzi wa samaki wa nazi.

Binti yako hajawahi kupika. Unamshika mkono: washa jiko, kata kitunguu hivi, sasa weka hiki. Humweki kwenye hiari nyingi na humpi falsafa, nia ni atoke jikoni na chungu kilichoiva na moyo wa kujaribu tena. Hilo ni somo. Siku nyingine jirani anayejua kupika anakuuliza, "Mchuzi wangu umezidi chumvi, nifanyeje?" Huyo hataki somo la kukata kitunguu. Anataka hatua chache za kutatua jambo lake: huo ni mwongozo wa kazi. Kuna na orodha, samaki kiasi gani, nazi ngapi, bizari kijiko kingapi, ambayo hakuna anayeisoma mwanzo hadi mwisho, watu hutupia jicho tu wapate wanachokitaka. Hiyo ni rejea. La nne ni lile swali la "kwa nini": kwa nini tui la pili litangulie na tui zito liingie mwishoni, kwa moto mdogo? Kwa sababu tui zito likichemshwa sana hukatika, mafuta yakajitenga. Huo ni ufafanuzi, na unausoma umekaa, si ukiwa umeshika mwiko.

Baada ya kuelewa hivyo nikaitazama upya karatasi ya kijana wetu. Lilikuwa kipande cha ufafanuzi kilichobandikwa mahali palipohitaji mwongozo wa kazi. Ilieleza programu hufanya nini, haikueleza mimi nifanye nini ikiungua. Rejea, yaani faili zinakaa wapi na kwa siku ngapi, haikuwapo.

Halafu lile neno lenyewe, "hujihifadhi". Sisi Waswahili tumelitwika neno kuhifadhi mizigo mitatu: kusevu faili unayoiandika, kuweka nakala ya akiba, na kutunza kumbukumbu za zamani. Mama wa maktaba aliposoma "hujihifadhi" alielewa kwamba vitu havipotei. Nani angemlaumu? Mradi wowote unaoandika kwa Kiswahili unahitaji faharasa yake mapema, ikisema neno hili kwetu lina maana hii na si ile. Sisi tumeamua "nakala ya akiba" ni ile iliyo nje ya kompyuta, basi. Iliyo ndani haina jina la heshima.

Kutunza ndiko kugumu kuliko kupanga. Desturi niliyoipenda kwa miradi mikubwa ni kuyachukulia maelezo kama msimbo. Huandikwa kwa maandishi ya kawaida, huwekwa kwenye ghala lenye kumbukumbu ya nani alibadilisha nini na lini, na hukaguliwa na mtu wa pili kabla ya kupokelewa. Python ilikuwa na hitaji hilo, na mwaka 2008 Georg Brandl akatoa chombo kiitwacho Sphinx, kinachogeuza maandishi hayo kuwa kurasa safi zenye viungo. Mwongozo wa Koha nao hutengenezwa kwa Sphinx, na kila toleo lina mwongozo wake, ili aliyebaki na toleo la zamani asipotezwe na maelezo ya jipya. Kuna miradi isiyopokea badiliko la msimbo mpaka liandamane na badiliko la maelezo. Python pia ina chombo, doctest, kinachoendesha mifano iliyomo ndani ya maelezo na kulalamika jibu likitofautiana na lililoandikwa. Hapo angalau ukurasa umepewa mdomo.

Jambo moja wengi hulisahau ni kufuta. Ukurasa usio na mtu wa kuutunza ni afadhali usiwepo. Najua inauma, mtu alikesha akiuandika.

Vijana huniambia, "Siku hizi nani anasoma? Rekodi video, au uliza kwenye kundi la WhatsApp." Video ni nzuri kwa somo la kwanza. Lakini huwezi kutafuta amri moja ndani ya video ya dakika 40, na kitufe kikihama huwezi kusahihisha mstari mmoja, utarekodi upya yote. Na jibu la WhatsApp, hata liwe zuri vipi, kufikia Ijumaa limezama chini ya salamu na picha za harusi.

Maktabani sasa tuna kurasa nne, zimechapishwa na kutiwa kwenye faili ngumu, na asili yake iko mtandaoni kwenye ghala letu. Kila ukurasa una toleo la Koha unaouhusu, tarehe ya mwisho kujaribiwa na cheo cha anayewajibika. Si jina, kwa sababu watu huenda Ghuba.

Alhamisi iliyopita, baada ya Isha, tulimpa mama wa maktaba ukurasa wa kurudisha nakala, flashi na kompyuta kuukuu, tukamwambia asituulize chochote. Binti wa chuo na mimi tukakaa nyuma tumefunga midomo. Alikwenda vizuri hadi hatua ya sita. Hapo akavua miwani, akageuka.

"Hapa mmeandika 'ingia kama msimamizi'. Msimamizi si mimi?"

Binti akachukua kalamu.