Doria ya Usiku Ziwani: Maisha ya Wanaozuia Magendo Upande wa Mara

Katika Ziwa Victoria, upande wa Mkoa wa Mara, doria ya kuzuia magendo na uvuvi haramu haifanywi kwa manowari. Hufanywa kwa boti za fiba zenye mashine za kupachika nyuma, na ndani yake hupanda watu wachache tu: nahodha, msaidizi anayeijua mashine, maofisa uvuvi wawili watatu na askari mwenye silaha, mara nyingi wa Polisi Wanamaji. Boti ya namna hiyo haina kitanda, haina jiko wala choo. Mtu hukaa pale alipokaa tangu jioni hadi kunakucha, na akitaka kunyoosha miguu lazima mwenzake asogee.

Eneo lenyewe ni kubwa kuliko boti zinazolilinda. Ziwa lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na karibu nusu yake iko Tanzania. Mpaka na Uganda unapita majini kwenye latitudo ya digrii 1 kusini. Mji wa Musoma uko nusu digrii chini yake, yaani kilomita 55 hivi, umbali ambao mtumbwi wenye mashine nzuri huumaliza kwa saa mbili au tatu ziwa likiwa shwari. Kaskazini mashariki, mbele ya Rorya, kuna maji ya Kenya. Kusini ya Musoma pwani inazunguka rasi ya Majita, kisha inaingia Ghuba ya Speke, ambako mialo ya Bunda, yaani fukwe za kushushia samaki, inatazamana na Ukerewe. Butiama ni wilaya ya bara zaidi, lakini nayo imo kwenye safari ya magendo, kwa kuwa mzigo ukishashushwa majini hutafuta barabara.

Mizigo yenyewe ni ya aina nyingi. Inayotoka ni pamoja na sangara wachanga walio chini ya sentimita 50, kipimo cha chini kinachoruhusiwa, na sato wasiofika sentimita 25. Kuna pia mabondo, vibofu vya hewa vya sangara vinavyokaushwa na kuuzwa kwa bei kubwa katika masoko ya China. Mabondo ni mepesi, hayaozi upesi yakikauka, na gunia dogo linaweza kuwa na thamani kuliko samaki wote waliojaa mtumbwi, ndiyo maana magendo yanayapenda. Zinazoingia ni nyavu zilizopigwa marufuku, hasa timba, zile za uzi mmoja wa plastiki usioonekana majini, pamoja na bidhaa za dukani zisizolipiwa ushuru. Nyavu za timba zina ubaya wake wa pekee: zikikatika zikabaki ziwani haziozi, huendelea kunasa samaki ambao hakuna atakayewala.

Ratiba ya doria huamuliwa na mambo mawili, mwezi na mafuta. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, wakiwasha taa juu ya maji ili dagaa wakusanyike. Mbalamwezi ikichanua, taa hazina nguvu na wengi wao hupumzika. Kwa hiyo katika usiku wa giza ziwa hujaa taa kama mji, na kila anayetaka kupitisha mzigo hupata umati wa kujichanganya nao. Mafuta nayo hayana mjadala. Mashine moja ya nguvu ya farasi 40 ikikimbizwa kwa kasi yake yote inaweza kunywa lita 15 hadi 20 za petroli kwa saa. Kikosi kinachofukuza kila mwanga wa kutilia shaka kitajikuta katikati ya ziwa saa nane za usiku na madumu matupu. Nahodha mwenye busara hufukuza kidogo na kungoja sana.

Basi sehemu kubwa ya maisha ya doria ni kungoja. Boti huondoka jua linapozama, baada ya kukagua mashine, kuhesabu madumu, kujaribu redio ya upepo na kuhakikisha kila mtu amevaa jaketi okozi. Ikifika mahali palipokusudiwa, mashine huzimwa, taa huzimwa, na watu hunyamaza. Sauti husafiri mbali juu ya maji usiku, na anayelizoea ziwa husikia mashine ikija kabla hajaona chombo. Macho nayo yana mbinu yake. Mtumbwi unaopita bila taa hauonekani, lakini ukikatiza mbele ya safu ya taa za dagaa, taa hizo hufunikwa moja baada ya nyingine na kuwaka tena nyuma yake. Mlinzi wa zamu huangalia taa zinazokatika kwa mpangilio huo, ndipo huwagusa wenzake mabegani.

Kukikaribia chombo ndiyo dakika yenye hatari kuliko zote. Mitumbwi ni mirefu, mizito na ya mbao. Ikiigonga fiba kwa mwendo wa kasi, fiba ndiyo hupasuka. Boti ya doria huja kwa ubavu, ikienda mwendo uleule wa mtumbwi, na mtu mmoja tu huvuka huku wengine wakimulika. Jambo la kwanza analoangalia si mzigo bali mikono ya waliomo: nani ana panga, nani anakata kamba. Wavuvi wengi hufunga nyavu haramu kwa jiwe ili zikitupwa zizame, na alama pekee inayobaki ni kipande cha kamba kilicholowa kwenye ukingo wa mtumbwi. Upekuzi hufuata mpangilio: chini ya mbao za sakafu, ndani ya barafu, kisha chini ya samaki wakubwa waliopangwa juu kuwafunika wadogo. Samaki hulazwa kwenye rula mmoja mmoja. Jicho la wavu huvutwa linyooke na kupimwa kutoka fundo hadi fundo, na urefu wa wavu kwenda chini huhesabiwa, kwa kuwa makila, yaani nyavu zilizounganishwa kwenda chini, yakizidi idadi ya macho inayoruhusiwa nayo ni kosa. Kazi hii hufanywa kwa mwanga wa tochi, vyombo viwili vikipanda na kushuka kwa mawimbi, na vidole vikiwa na ganzi ya baridi.

Hali ya hewa huwasumbua walinda doria kuliko wahalifu wanavyowasumbua. Ngurumo na mvua kubwa za Ziwa Victoria hujijenga hasa usiku kuelekea alfajiri, pale upepo wa nchi kavu unapotoka pande zote na kukutana juu ya maji yenye joto. Dhoruba hizo huja kwa haraka, na boti iliyo wazi haina pa kujificha. Kikosi hukimbilia nyuma ya kisiwa, Rukuba kwa mfano, au ndani ya ghuba. Lakini si kila ghuba ni salama. Upande wa Bunda, karibu na midomo ya mito ya Grumeti na Mbalageti inayotoka Serengeti, kuna viboko na mamba, na kutia nanga kwenye matete gizani ni kuhatarisha maisha. Mara nyingi pia boti hizihizi ndizo za kwanza kuombwa msaada chombo kinapozama. Anayekumbuka kivuko cha MV Nyerere kilivyopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha, anaelewa kwa nini boti yenye mafuta na redio ina thamani hata usiku ambao haikukamata kitu.

Chakula huwa kile kisichohitaji moto: chapati, mihogo iliyochemshwa, mayai, chai ya chupa. Doria ikiwa ya siku kadhaa, kikosi hushuka mwaloni au kisiwani kupika ugali, na hulala mchana chini ya turubai, jua likichoma. Usingizi huo haumtoshi mtu. Maji ya kunywa hubebwa kwenye madumu, kwani ya ziwani huleta tumbo, na kusimama majini kila siku kuvuta boti ufukweni huleta kichocho. Kwa maofisa wanawake, boti isiyo na choo ni adha kubwa, na ni haki kudai kwamba atakayenunua boti inayofuata alikumbuke hilo kabla ya kuulizia nguvu ya mashine.

Ugumu mwingine ni wa kijamii. Walinda doria wengi hukaa Musoma au Bunda, watoto wao wanasoma na watoto wa wavuvi, na mtu anaweza kumulika mtumbwi akamkuta shemeji. Boti ikiondoka gatini, simu hupigwa, na habari hufika Majita kabla yake. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vya mialo, vinavyojulikana kwa kifupi kama BMU, viliundwa ili wavuvi wenyewe walilinde ziwa. Pale viongozi wake wanapoheshimika, doria hupata taarifa za kweli. Pale wasipoheshimika, hupata ukimya. Operesheni Sangara ya 2018 ilionyesha upande mwingine wa jambo hili. Nyavu nyingi haramu zilikamatwa na kuchomwa, lakini malalamiko ya wavuvi kuhusu faini na ukali wa vikosi yalifika bungeni, na Juni mwaka huohuo maofisa uvuvi wakaingia na rula hadi kantini ya Bunge, Dodoma, kupima samaki. Nguvu peke yake haiwezi kulinda ziwa lenye mialo mingi kiasi hiki. Mtu aliyekesha usiku wa tatu mfululizo, tena bila chakula cha maana, ni rahisi zaidi kwake kumfokea au kumpiga asiye na hatia, na hilo linatosha kuonyesha kwamba mapumziko ya kikosi si anasa.

Baharini kazi hii ina sura nyingine. Zanzibar ina Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, KMKM, ambacho kwa miaka mingi kimepambana na utoroshaji wa karafuu za Pemba kwenda Kenya. Mbali zaidi, nje ya pwani ya Afrika Mashariki, manowari za mataifa mbalimbali huwinda majahazi ya heroini. Aprili 2014 meli ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini katika jahazi nje ya Mombasa, zikiwa zimefichwa kwenye shehena ya saruji. Meli ya aina hiyo ina mabaharia wapatao 200 wanaopokezana zamu, wana mhudumu wa afya, jiko, vitanda na helikopta, na upekuzi wa jahazi moja unaweza kuchukua siku nzima bila mtu kuishiwa nguvu. Mtu wa Musoma hufanya upekuzi huohuo kwa tochi, mwenzake ameshika kamba.

Kunapopambazuka boti hurudi, na hapo huanza kazi ya maandishi ambayo wengi huichukia, ingawa kesi husimama au kuanguka kwa sababu yake. Kila kifaa hupigwa picha, huhesabiwa na kuandikwa mbele ya mtuhumiwa; mahali na saa ya kukamatwa huandikwa pia, maana wakili atauliza kama chombo kilikuwa kweli upande wa Tanzania. Samaki hawawezi kungoja hukumu, hivyo hupigwa mnada au hugawiwa hospitali, shule na magereza. Nyavu hungoja amri ya mahakama ndipo zichomwe. Mzigo uliopenya usiku nao haujafika mwisho wa safari: wenye magari watauchukua mwaloni na kuutoa kupitia Makutano, Butiama, kisha daraja la Kirumi juu ya Mto Mara kuelekea Tarime na Sirari, njia kuu ya kwenda Kenya. Kwa hiyo nahodha akishafunga kamba gatini, kabla hajalala, hupiga simu kwa walio barabarani na kuwaeleza chombo kilichomponyoka, kilielekea upande gani na saa ngapi.